Mbuzi wa Pole na Goti la Dorotea

Dorotea Luhende alikuwa fundi cherehani pale Mkuyuni, na mimi, Bernadeta, nilishona naye baraza moja. Cherehani zetu ni za kukanyaga kwa mguu. Siku fuso ya mchanga ilipoacha barabara ikamgonga akiwa amesimama pembeni na vitambaa vyake, goti lake la kulia lilisagika, na lilipopona halikukunjika tena. Tangu hapo alitaka jambo moja tu: mahakama iseme kwamba mguu ule ndio uliokuwa kazi yake, na waliouharibu waulipie.

Wiki ya tatu dereva, kijana aitwaye Shigela, alikuja na baba yake, Mzee Nkwabi wa Mkolani, wakiwa na mbuzi wa kuomba radhi. Kwetu mbuzi wa pole hakataliwi. Ukimkataa umetangaza uadui na ukoo mzima. Dorotea alimpokea, tukachinja, tukala pamoja. Sioni alikosea nini, na nitabishana na yeyote.

Kesi ya usalama barabarani ilikwisha upesi. Shigela alikiri kosa, akatozwa faini, na faini ikaenda serikalini. Dorotea alitoka mikono mitupu, akidhani ndiyo basi tena, na miaka miwili ikapita hivyo. Mimi ndiye niliyempeleka mahakama ya mwanzo, maana mtaani kwetu kila shauri huanzia huko. Baada ya miezi mitano tukaambiwa madai ya kuumizwa kwa uzembe wa dereva hayasikilizwi pale, twende ngazi ya wilaya. Kosa hilo ni langu, sina wa kumsingizia. Gladness, wakili wa msaada wa kisheria, alipohesabu tarehe alishika kichwa, kwa sababu sheria inatoa miaka mitatu tu na yetu ilikuwa inakwisha.

Tukawahi kufungua madai wilayani dhidi ya Shigela na mwenye gari aliyemwajiri, na huko wakili wa mwenye gari hakuuliza habari za goti. Aliuliza habari za mbuzi.

"Ulimpokea?"

"Nilimpokea."

"Ukamla?"

"Nikamla."

"Basi mlikwishamalizana!"

Wakamwita Mzee Nkwabi athibitishe. Mzee alisimama, kofia mkononi, akaapa, akasema taratibu: "Mbuzi nilimpeleka kwa aibu yangu mimi, kwa kuwa mwanangu kaumiza mtoto wa watu. Mguu hatukuuongelea. Mguu aulizwe mwenye gari." Wakili aliyemwita hakumuuliza swali jingine. Hata hivyo hakimu aliona upatanisho ulishafanyika, akayatupa madai. Nilipandwa na hasira hadi Dorotea, na fimbo yake, ndiye aliyenishika mkono mimi.

Tukakata rufaa Mahakama Kuu. Dorotea alijiandaa kuonyesha goti, lakini Gladness akamweleza kwamba huko hakusikilizwi mashahidi upya. Jaji husoma kumbukumbu za mahakama ya chini na kupima kama ushahidi ulipimwa sawasawa. Akamwonya pia asikanyage kwa Mzee Nkwabi mpaka hukumu itoke, isije ikasemwa anamhonga shahidi. Dorotea alitii, ingawa lilimkera. Mtu mliyekula naye hapitwi mlangoni pake hivi hivi.

Siku ya hukumu, mwezi wa saba, jaji alisoma maneno ya mzee neno kwa neno. Akasema kupokea radhi si kuachia haki, na kwamba shahidi wa wadaiwa mwenyewe ndiye aliyeliweka hilo wazi. Akaamuru dereva na mwenye gari walipe fidia ya mguu na ya kazi iliyopotea. Gladness alitabasamu. Mimi nililia kabisa.

Nje Shigela alikuwa ametusubiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mzee hajambo? Mwambie sasa naweza kuja kumshukuru."

Kijana akainamisha kichwa. "Mzee tulimzika mwezi wa tatu, mama. Hatukukuletea habari, tuliambiwa tusionane. Siku ile ya ushahidi nilimsihi anyamaze, maana bosi angenifukuza. Akaniambia nitapata kazi nyingine, ila mama huyu hatapata goti jingine. Na kweli nilifukuzwa."

Dorotea alikaa kwenye ngazi, ule mguu umenyooka mbele yake, akajifunika uso kwa khanga. Alipoinuka alisema hatuendi Mkuyuni. Tukapanda bajaji na Shigela hadi Mkolani, kuhani msiba wa miezi minne nyuma. Mjane wa Nkwabi alitutandikia mkeka, na mpaka tunaaga Dorotea hakuitaja hukumu.