Gari Linavyosikika Ukiwa Nyuma

"Hivi, Mama Usukani, gari gani tamu: lile gumu la wagonjwa au hili laini la daktari?"

Aliyeuliza ni jirani yake mshona nguo, pini zikiwa mdomoni, siku Mama Usukani alipoegesha gari la daktari nje ya nyumba yao kwa mara ya kwanza. Mama Usukani alicheka. "Shoga, hilo ni kama kuniuliza nimpende mtoto yupi." Akaingia ndani. Lakini moyoni jibu alikuwa nalo. Lile laini lilikuwa limeshamteka.

Ungemlaumu? Miaka mingi alikuwa ameendesha gari la wagonjwa la zahanati, refu na zito, bodi lake limekalia chesisi ya chuma kama nyumba inavyokalia msingi. Usukani wake ulitaka mabega. Kwenye kona ulianza kuukata mapema, kisha ukasubiri gari lenyewe likubali. Kwenye lami liliyumba na kuvuma, hata dua unayoomba huisikii mwenyewe. Ila kwenye mawe na tope halikuwa na mpinzani, na kila jiwe lilikuambia: hili dogo, hili kubwa, hapa punguza. Lilikuwa gari lenye mdomo.

Gari la daktari lilikuwa kitu kingine. Usukani uligeuka kwa kidole kimoja, ndani kimya, na kiti kilikupokea kama mama anavyompokea mwanawe. Tangu apewe kazi ya kumwendesha daktari, Mama Usukani alilala akimshukuru Mungu kwa ajili ya mgongo wake.

Basi dada yake mkubwa akateleza bafuni, akavunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji. Siku ya kuruhusiwa, hospitali ikaonya: mfupa bado haujashika, asitikiswe. Ukihama atapasuliwa tena, na kwa umri wake hilo si jambo la kuombea. Na nyumba ya dada ilikuwa juu kilimani, lami inaishia chini. Daktari wa zahanati, kwa wema wake, akatoa funguo. "Mchukue na hili langu, mama. Halirushi."

Kwenye lami ilikuwa safari ya peponi. Dada alikuwa nusu amelala kiti cha nyuma, mito imembana huku na huku, macho kayafumba, na mdogo wake akadhani amesinzia. Lami ikaisha. Mama Usukani aliliona hilo kwa macho, ila mwili wake, uliozoea kuambiwa na kiti, haukuambiwa kitu. Gari lilimeza vijiwe kimyakimya na mwendo ukabaki ule ule wa lami. Mfereji uliokata njia ulimkuta hivyo hivyo. Tumbo la gari likapiga chini, kwaa! Dada akalia kilio ambacho mdogo wake hakuwahi kukisikia tangu wazaliwe.

Mama Usukani akasimamisha gari, akageuka. "Dada! Chezesha vidole vya mguu."

Akanyoosha mkono kuelekea shuka.

"Dada, nakuomba."

"Si navichezesha? Au macho nayo umeyaacha kwenye lami?"

Akafunua shuka. Vilicheza. "Asante Mungu," akasema, na machozi yakamtoka papo hapo. Mbele njia ilikuwa mbaya zaidi, na tumbo la gari hili liko karibu na ardhi, mawe yanalingojea. Akampigia simu dereva mwenzake alete gari la wagonjwa.

Lilipotokea, dada akaguna. "Hilo? Hilo lilinirusha nikiwa mzima!"

Hakudanganya. Likiwa tupu, springi zake nene huruka kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Lilitaka uzito. Bahati njema, kina mama wa kikundi cha sala cha dada walikuwa wameshateremka kilima kuja kumlaki. Mama Usukani akawapima kwa jicho.

"Jamani, dada akishalala kwenye machela, pandeni wote mkae pembeni yake. Leo nataka wazito."

"Yaani sisi ndio mifuko ya saruji?"

"Saruji haisali, shoga. Mwenye mwili atangulie."

"Basi leo ni siku yangu!" akasema mmoja aliyejaa, akapanda huku wenzake wakivunjika mbavu.

Springi zikalala. Mama Usukani akamwachia dereva mwenzake lile gari la daktari, akapunguza upepo wa tairi za hili, akatia gia nzito, wakapanda mwendo wa kobe. Kila jiwe lilimpigia hodi mikononi, naye akaliitikia kwa mguu. Nyuma wimbo ulianzishwa, ukakatika kwenye kila tuta, ukaanzishwa upya.

Dada alipofikishwa kitandani, vidole vilikuwa vinacheza bado. Mama Usukani akaketi ukingoni, roho imetulia, na kwa kutulia huko akajisahau. "Umeona, dada? Kumbe gari ni lile gumu."

"Usijisifu, mdogo wangu. Hilo gumu limenisaga mbavu. Bila wale wenzangu kunishika ningedondoka. Na lile laini, ulidhani nimelala? Nilifumba macho kwa kichefuchefu, kila kona linanibembeza. Nilinyamaza usije ukahuzunika." Akavuta shuka. "Wewe una usukani wa kushika. Sisi wa nyuma tuna nini?"

Maneno hayo yalimganda. Wajawazito, waliovunjika, watoto wenye homa, wote hao alikuwa amewabeba, na hakuwahi hata siku moja kulala kwenye ile machela. Hata yule jirani, kumbe, swali lake alilipeleka kwa mtu asiyejua.

Kesho yake alirudisha funguo, akasema kweli yote kuhusu tumbo lililokwaruzwa. Daktari akainama, akachungulia, akasema fundi atalitazama. Kisha akamwuliza: atabaki na hili, au angependa kurudi kwenye gari la wagonjwa?

Mama Usukani alitazama kiti cha nyuma.

"Kabla sijachagua, naomba mtu mwingine aniendeshe njia ile ile, kwa magari yote mawili, na mimi nilale nyuma."