Ukuta wa "Hatukopi Tena"

Asubuhi nzima Brashi, mchora mabango, alikwangua ukuta wa ghala la zamani. Redio ya kinyozi jirani ilikuwa inabweka: wagombea wawili walirushiana maneno kuhusu deni la taifa. Wakala wa mmoja wao alikuwa ameagiza maneno mawili tu: HATUKOPI TENA.

Rangi za kampeni zilizopita zilibanduka gamba kwa gamba. Chini kabisa ikachungulia K yenye mkia, na Brashi akaduwaa. Mkia ule ulikuwa wa mkono wake mwenyewe. Marehemu mkewe, aliyekuwa akimkorogea rangi enzi hizo, aliupenda kuliko hata pete yake ya ndoa. Akazidi kukwangua, herufi nyingine zikajitokeza: HATUKOPI TENA. Maneno yale yale! Akakumbuka mkewe alivyoyasoma siku ile na kucheka mpaka kopo la rangi likamponyoka.

"Baba watoto," alikuwa amesema, "hapa penyewe si wanakopa kura?"

Brashi akaweka kando brashi yake, bado kavu, akaketi kuutazama ule mkia.

Jioni wakala akaja, akakunja uso.

"Mzee wangu, mbona rangi imepauka hivi? Umepaka lini?"

"Mama yako akiwa hajaolewa, mwanangu."