Flash niliyoichomoa bila kuiaga, na sauti ya marehemu ndani ya faili la wasia

Wakuu, amani iwe kwenu. Haya yalinikuta mimi mwenyewe Msambweni, enzi zile flash ya GB mbili ilikuwa mali. Sikuongeza chumvi. Sehemu nyingine ningependa hata kuipunguza.

Niliporudi kutoka Muscat na diploma yangu ya kompyuta, nilifungua duka la kuhamisha kanda za kaseti kuwa mafaili. Shemeji yangu Mwinyi alicheka mbele ya watu: "Sasa wewe utauza nini, shemeji? Upepo?"

Walisema sitamaliza mwaka. Nilimaliza. Kanda zilitoka Vanga, zilitoka Wasini. Ndugu zetu wa Arabuni walikuwa wakitumiana kanda badala ya barua, kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na sauti ya mtu ndani ya kabati. Na kati ya Diani na mpakani hapakuwa na mwingine wa kuifanya kazi ile. Semeni najisifu, ni kweli.

Bi Riziki aliniletea kanda ya wasia wa marehemu mumewe, Mzee Hamadi. Mwanawe wa mwisho, Salimu, alikuwa hajazaliwa baba yake alipofariki. Sasa alikuwa anaoa, na mama alitaka amsikie baba yake siku hiyo.

Kanda ilikuwa mbovu. Ilicheza mara moja tu, ikakatikakatika ndani ya deki. Lakini faili lilishaingia kwenye desktop, kompyuta yangu ya mezani.

Sasa sikieni kosa langu.

Windows kwa kawaida huandika kwenye flash papo hapo. Mimi, mjuaji, nilikuwa nimeibadilisha kuwa "Better performance" ili kazi iende mbio. Nikafanya Cut, nikafanya Paste kwenye flash ya dukani. Mstari ukafika mia kwa mia kama umeme. Nikalifungua faili kutoka kwenye flash ileile, nikalisikiliza mpaka mwisho. Safi.

Nikachomoa.

Kesho yake, siku ya harusi, baada ya swala ya alasiri, nilichomeka ile flash kwenye laptop yangu nyumbani kwa Bi Riziki. Ukumbi ulikuwa umejaa. Mzee Hamadi akaanza kuzungumza. Salimu alikuwa ameinama, mikono magotini.

"Na wewe uliye tumboni," mzee akasema, "mwanangu, nataka..."

Hapo sauti ikakatika kidogo. Kisha mwanamke akasema, taratibu:

"Assalamu alaikum. Mbona kimya? Hamnisikii?"

Shangazi mmoja akajibu bila kufikiri, "Twakusikia, Mwanakombo."

Kisha akajiziba mdomo.

Bi Mwanakombo alikuwa jirani yao. Walikuwa wamemzika mwaka uliopita.

Sauti ikaendelea: "Nimekaa hapa peke yangu nasema nanyi. Nijibuni basi."

Wakuu, niliizima laptop. Watoto walitolewa nje. Bi Riziki hakulia. Aliniuliza neno moja tu: "Mume wangu umempeleka wapi?"

Mwinyi naye hakuniacha: "Shemeji, upepo wako una jini."

Nililifunga duka siku tatu kwa aibu. Nikakaa na vitabu vyangu vya chuo, nikaelewa.

Kwetu mgeni hanyanyuki akatoka tu. Huaga, na akiaga huambiwa, "Ngoja kidogo, kuna kitu unafungiwa jikoni." Flash ni hivyohivyo. Mstari ulipofika mia, sehemu kubwa ya faili ilikuwa bado kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ndiyo cache, ikisubiri kuandikwa. Hata nilipolisikiliza, kompyuta ilinichezea kutoka RAM. "Safely Remove" ndiyo kuaga kwenyewe. Mimi nilimtoa mgeni mkono mtupu.

Jina la faili liliandikwa, ukubwa uliandikwa, mwanzo uliandikwa. Kwingine kulibaki kilichokuwepo zamani: barua ya sauti ya Bi Mwanakombo kwa wanawe wa Muscat, niliyoipitisha kwenye flash hiyo na kuifuta. Kufuta huondoa jina tu. Sauti hubaki mpaka iandikwe nyingine juu yake.

Aibu ndiyo iliyoniokoa. Kwa kuwa duka lilifungwa, desktop haikuandikwa kitu kipya. Nikaweka programu ya kurejesha mafaili kwenye diski nyingine, nikamtafuta Mzee Hamadi. Nikampata mzima.

Safari hii nilinakili, nikaiaga flash, nikaichomoa, nikasikiliza kwenye laptop. Ndipo nikaenda kwa Bi Riziki.

Salimu alisikiliza na mkewe pembeni. "Mwanangu, nataka uitwe Salimu," mzee alisema.

Kijana akaitika, "Labeka, baba."

Hakuna aliyemziba mdomo.

Baada ya hapo nilizunguka kwa kila aliyeniletea kanda, nikafungua faili lake mbele yake kwenye mashine nyingine. Wa mwisho walikuwa watu wa Bi Mwanakombo. Niliwaomba radhi, nikawakabidhi sauti ya mama yao, niliyoihamisha upya kutoka kwenye kanda yake. Siku hiyo sikubaki na sauti ya mtu yeyote.

Funzo: mia kwa mia si kumaliza. Aga kwanza, na usikague nakala kwa mashine ileile iliyonakili.

Nani mwingine aliwahi kusikia asichokiweka kwenye flash yake? Semeni, nipo.