Aibu za Gari la Mzee Mwishehe

Kisarawe ya siku zile, ukisema "gari la Mzee Mwishehe", hapakuwa na mtu wa kukuuliza lipi. Magari mengine yalikuwa ya Serikali, ya misheni, au ya Wahindi wenye maduka. Mswahili mwenye gari lake mwenyewe alikuwa yeye peke yake, na waliomwonea kijicho hawakuwa wachache.

Wala hakuliokota. Aliendesha magari ya mzungu wa mkonge upande wa Kibaha tangu hajaota ndevu, akala vumbi la barabara ya Morogoro mpaka vita vya Hitler vikaisha. Mzungu alipofunga virago, akamwachia lile gari dogo liwe ndicho kiinua mgongo chake: mbele viti viwili, nyuma bodi la mbao. Hata siku hiyo lilikuwa limekwisha zeeka. Lakini jamani, kutunza nako ni kipaji! Kila Alhamisi jioni alilikosha, akalifuta, akalipaka mafuta ya nazi kwenye viti vya ngozi, kisha akalifunika turubai kama mwali. Mkaa halikubeba. Samaki ndiyo kabisa, usithubutu hata kumtajia. Lilibeba maharusi, wagonjwa, wajawazito walioshikwa na uchungu, na maiti wa watu walioishi naye vizuri na wa wale waliomsengenya pia.

Aibu lilikuwa nazo, na watu wote walizijua. Honi yake ilikuwa ya kubinya, ya mpira uliopasuka ukazibwa, ikawa haiwezi kulia mpaka ikohoe kwanza: khe, khe, ndipo poo! Injini, ikianza kupanda mlima, iligonga ko-ko-ko. Mbao za nyuma zilisemezana njia nzima. Mlango wa kushoto haukushika, ulifungwa kwa kamba ya ukindu aliyoisuka mkewe, Bi Biubwa, kwa mkono wake, kwa kuwa kiti cha kushoto kilikuwa chake, na yeye ndiye aliyekuwa akiogopa kudondoka. Bi Biubwa akiwa jikoni, akisikia kile kikohozi kikipanda mlima, alicheka peke yake. "Huyo anakuja mume wangu na mafua yake," akabandika chai. Mzee alikuwa hajafika na chai inachemka.

Bi Biubwa alikufa. Mafundi wakamwambia mzee, lete tukutengenezee honi, tukubadilishie mlango. Aliwajibu, "Mbona mimi sijalalamika?" Wakamwona bahili.

Alibaki na binti yake Sikudhani, aliyekuwa ameachika na kurudi kwao, mwanamke wa maneno machache na mikono isiyotulia. Naye Sikudhani ndiye aliyeona kwanza kwamba baba yake anapapasa kikombe. Macho yaliingia ukungu, ukungu ukawa wingu, wingu likawa usiku. Walikwenda Dar es Salaam hospitali. Daktari akasema wamechelewa, jicho limekwisha kufa. Mzee akashukuru, akarudi, akakaa barazani. Alhamisi ikifika alilikosha gari lake kwa kupapasa, na Sikudhani akimsogezea ndoo. Hapo hapakuwa na ubaya. Ubaya ulikuja siku ya Ijumaa.

Ijumaa hiyo Sikudhani alikuwa kisimani. Akasikia ko-ko-ko. Akatua ndoo. Akajiambia, labda kuna mtu anamwendesha. Nani amwendeshe, na ufunguo unalala chini ya mto wa mzee? Akakimbia, kanga moja mkononi, akipiga kelele watu wapishe.

Mzee Mwishehe alikuwa akijiendesha mwenyewe kwenda msikitini. Kipofu! Baadaye alijitetea kwamba njia ile anaijua kwa makalio, kila shimo analijua, na kweli alikwenda sawasawa, akakata kona vizuri kuliko madereva wengi wenye macho. Ila pale karibu na msikiti palikuwa pamejengwa kibanda kipya, ambacho yeye hakupata kukiona maishani mwake. Akakiparamia. Nguzo ikakatika, makuti yakashuka, na Bi Siwema aliyekuwa akipika vitumbua humo akaruka kama msichana, karai likamwagika, yeye mwenyewe asiguswe hata ukucha.

Watu waliduwaa. Mzee akashuka, mikono mbele, akauliza, "Nimemgonga nani?"

Hapana aliyemjibu, si kwa ubaya, midomo ilikuwa imewakauka tu. Lakini kwa mtu asiyeona, kimya kile kilikuwa na maana moja. Akauliza tena, sauti imekatika, "Waungwana, niambieni, nimemuua nani?" Akakaa chini pale pale mavumbini, na kanzu yake nyeupe ya Ijumaa, akalia kwa sauti mbele ya watu aliowazikia wazazi wao. Sikudhani ndiye aliyefika akamshika. "Hujaua mtu, baba. Bi Siwema huyu hapa, mzima." Bi Siwema naye akapata ulimi, akasema, "Nipo, kaka, kilichokufa ni vitumbua." Watu wakacheka. Mzee hakucheka.

Njiani kurudi, akiwa ameshika bega la binti yake, alisema, "Litafutie mtu."

"Mtu gani, baba?"

"Mtu, mwanangu. Si mnunuzi tu. Mtu."

Wanunuzi hawakukosekana. Akaja mchuuzi mmoja wa mkaa, kelele nyingi, akalizunguka gari, akalipiga gurudumu teke kulijaribu. Mzee alisikia kule barazani. "Nani kampiga teke?" Hakusema "kalipiga", alisema "kampiga". "Mtu anayempiga mchumba teke siku ya kuposa, akishamweka ndani atamfanyaje? Mwambieni aende zake." Mchuuzi akaenda zake akitukana.

Halafu akaja Thadeo. Alikuwa seremala wa Maili Moja, Mkristo wa watu wa misheni, mtu mzima mpole, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Alipiga hodi mbali, akavua kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Karibu."

Alipoonyeshwa gari alifuta viganja vyake kwenye suruali, vizuri, kimoja kimoja, ndipo akaligusa. Sikudhani aliona, akajua siku ya kuachana imefika. Akaenda kumnong'oneza baba yake: "Amefuta mikono, baba." "Basi huyo ndiye," mzee akasema.

Sasa, kwa Mzee Mwishehe, kuuza kulikuwa na sheria yake, na ni sheria ya dini: muuzaji hutaja kila kasoro ya mali yake kabla ya kupeana mikono. Akificha moja tu, alichokula ni haramu. Wapo wanaoitaja sheria hiyo msikitini na kuisahau sokoni. Yeye hakuwa mmoja wao. Kwa kuwa macho hakuwa nayo, alimwamuru Sikudhani alipitie gari kutoka mbele mpaka nyuma, aseme aibu zake zote bila kuacha.

Ah, kazi hiyo! Sikudhani alisimama mbele ya mgeni akaanza kumsema mtu wa kwao. Honi inakohoa. Injini ikipanda mlima inagonga. Mbao za nyuma zimelegea, zinapiga kelele. Mlango wa kushoto haushiki, umefungwa kamba. Thadeo alikuwa akiitikia "Ndiyo, dada," na kila palipotajwa alipagusa kwa kidole, kama mganga anayemwuliza mgonjwa panauma wapi. Mzee naye kutoka barazani akaongeza: "Na hiyo kamba imeanza kuoza. Usimfiche."

"Sijamficha, baba."

Wakapeana mikono. Bei waliyoafikiana ilikuwa ya haki, na hayo tuyaache. Mzee akaushika mkono wa Thadeo asiuachie. "Nina ombi moja. Huku kwetu unafika?"

"Nafika, mzee. Mbao zangu nachukua huku. Kila mwezi lazima nije."

"Basi ukija, pita barabara hii ya mbele ya nyumba. Usisimame, usijisumbue. Pita tu, ubinye honi. Mimi nitakuwa hapa. Nilisikie."

"Nakuahidi mbele ya Mungu," alisema Thadeo, na machozi yalikuwa yanamlengalenga, mwanamume mzima. Akaondoka. Kikohozi kikateremka mlima, ko-ko-ko haikuwapo kwa kuwa ulikuwa mteremko, mbao zikisemezana mpaka zikapotea. Mzee alibaki ameinamisha kichwa upande, anasikiliza hata palipokuwa hapana tena cha kusikiliza.

Tangu siku hiyo kiti chake kilitazama barabara. Chai alinywea hapo, tasbihi alivutia hapo. Likipita basi, akalitaja. Likipita lori la Mhindi, akalitaja, na akakwambia gurudumu gani limepungua upepo. Hilo la Serikali, la Bwana Shauri. Hilo la misheni. Hilo jipya, la wageni. Mwezi wa kwanza ulipita, akasema mtu bado analizoea gari. Mwezi wa pili akasema labda mbao hazijapatikana. Mwezi wa tatu akaanza kununa, na wa nne akatamka lile ambalo Sikudhani alikuwa akiliogopa: "Yule mtu mwongo. Nimempa gari langu, akanipa uwongo."

Ilimuuma Sikudhani kuliko tusi. Aliyemleta mnunuzi ni yeye, aliyesema amefuta mikono ni yeye. Mchana yeye huwa shambani, barabara haioni. Basi akamtuma utingo wa basi amfikishie salamu seremala wa Maili Moja: Mzee Mwishehe anauliza ahadi yake iko wapi.

Thadeo alikuja wiki ile ile. Sikudhani alikuwa anaanika mihogo uani, akasikia gari limesimama, akazunguka nyumba kuchungulia. Akaona gari la kijani, linameta, bodi jipya la mninga lililopigwa randa mpaka linateleza, na Thadeo akishuka, uso umemsawijika.

"Mzee, umeniumiza," akasema, baada ya shikamoo. "Kila mwezi nimepita. Honi nimebinya, mkono nimekupungia, na wewe ulikuwa umekaa hapo hapo."

Mzee akageuzia sikio upande wa gari. "Umepita na gari gani?"

"Na hili, mzee! Gari lako!"

Sikudhani alielewa kabla ya wote wawili, akashika nguzo ya baraza.

Thadeo akamwongoza mzee kwa mkono, furaha ikimrudia, maana alikuwa na mengi ya kuonyesha. Kila aibu aliyotajiwa siku ile hakuisahau. Fedha ya vitanda vyote alivyouza aliimaliza humo. Honi mpya, sikia! Ikalia safi, mara moja, bila kikohozi. Injini imefunguliwa yote, sasa inapanda mlima kama maji. Mbao hizi nimepiga mwenyewe kwa mkono wangu. Mzee akapapasa. Alianzia taa, akapita boneti, akafika mlango wa kushoto. Akaufungua, akausukuma. Ukafunga tap, taratibu, kama wa kabati. Vidole vyake vikazunguka kitasa, vikatafuta chini yake, vikatafuta tena.

"Kamba iko wapi?"

"Ile ya ukindu? Niliitupa, mzee. Ilikuwa imeoza, mwenyewe ulisema. Sasa haihitajiki tena, mlango unashika."

Wallahi, Sikudhani alitaka kupiga kelele. Alitaka kusema ile ilisukwa na mama yangu, wewe kaka hujui ulichotupa! Lakini angejuaje? Nani alimwambia? Yeye mwenyewe ndiye aliyesimama hapo akazitaja zote moja moja, akaziita aibu, na huyu mtu mwema akazichukulia kuwa aibu, akaziondoa. Watu husema kipya kinyemi kingawa kidonda. Siku ile Sikudhani aliona kidonda tu.

Mzee Mwishehe alisimama na kiganja juu ya mlango. Kisha akatafuta mkono wa Thadeo, akaupata, akautikisa.

"Umefanya vizuri, mwanangu. Umelitunza kuliko mimi. Mungu akubariki wewe na watoto wako. Nami nisamehe, nilikuita mwongo."

"Aa, mzee, hapana neno!" Thadeo alikuwa anacheka kwa furaha kama mtoto. Akamwomba apande, wazunguke kidogo. Mzee akapanda, kiti cha kushoto, wakaenda mpaka msikitini na kurudi. Hakusema kitu njia nzima, na Thadeo akadhani ni raha.

Gari lilipoondoka, lilikuwa halisikiki tena kabla halijafika hata kona ya kwanza. Sikudhani alikuwa akilia bila sauti, lakini baba yake aliisikia pumzi yake.

"Usilie. Yule ni muungwana, na wewe ulichagua vizuri. Nilitaka mtu, ukaniletea mtu."

"Ningemwambia aache, baba. Hata kamba tu."

"Tungeuza vipi bila kusema aibu?" Akainuka, akasimama kando ya kiti chake. "Nigeuzie kiti, mwanangu. Kitazame ndani."

Sikudhani akakigeuza kuelekea uani, jikoni, mahali mama yake alipokuwa akibandika chai. Hapo ndipo mzee alipokaa siku zake zilizobaki, mgongo kwa barabara, na magari hakuyataja tena. Thadeo hakuvunja ahadi. Kila mwezi alipita, akapunguza mwendo, akabinya ile honi yake safi, na Mzee Mwishehe aliinua mkono kwa adabu, bila kugeuka.