Kidole cha Mwaniki kwenye Simu ya Kiende

Mke wa mwanangu anaitwa Kiende. Naandika habari zake mimi Ruguru, mama mkwe wake, kwa sababu watu wa Kibugu, huku kwetu Embu, wanazisimulia vibaya, na wengine wanazisimulia wakiwa wameketi kwa viti vyangu wakinywa uji wangu. Sikusoma sana. Lakini macho ninayo, na niliyoyaona niliyaona.

Kiende si wa huku. Kwao ni Kianjai, kule Meru. Mwanangu Mwaniki ni fundi wa nguo, alienda huko kushona yunifomu za shule, akarudi na yeye. Siku ya kwanza nilimuuliza, "Huko kwenu mnajua miraa tu. Chai utaiweza?"

Akanijibu, "Mama, nionyeshe shamba liko wapi. Maneno tutaongea jioni."

Nilimpenda papo hapo, ila sikumwambia. Jioni alirudi na kapu limejaa hadi linamwagika, majani mawili na chipukizi, hakuna hata jani moja gumu. Mimi nimechuma chai tangu nikiwa msichana, na sikuona kosa. Nikasema ameloanisha sketi.

Alipopata mtoto wa kwanza, msichana, aliitwa kwa jina langu, vile desturi yetu ilivyo. Kwa hivyo yule mtoto ni mimi. Na kama mtoto ni mimi, basi Kiende ni mama yangu. Nikaanza kumwita mama, naye ananiita mama, na wageni wakija wanashindwa kujua nani kamzaa nani.

Hata kabla ya mtoto huyo, wanawake wa kijiji walikuwa wamemchagua awe mama wa afya. Ni kazi ya kuzunguka nyumba kwa nyumba, unaangalia mama mjamzito, mtoto ambaye hajachanjwa, mgonjwa ambaye ameacha dawa. Kazi yenyewe haikuwa na maajabu. Ajabu ilikuwa vile wanawake walivyomwambia mambo. Wengi wetu kuandika ni shida, basi walimtumia sauti kwa ile simu yake ya kioo. Mwingine amepigwa na bwana. Mwingine ana ugonjwa ambao hataki hata dada yake ajue. Ungemwona Kiende katikati ya chai, nailoni ya kuzuia umande kiunoni, simu sikioni, anasikiliza huku mkono mmoja bado unachuma.

Veronicah wa kule juu karibu na msitu ndiye aliyeogopa zaidi. Alimuuliza mbele yangu, "Na hii sauti yangu ikipita hapo hewani, serikali haiisikii?"

Kiende akamwonyesha maandishi madogo juu ya kioo. "Imesema hapa. Imefungwa kwa kufuli, hata wenye kampuni hawawezi kuifungua. Ni mimi na wewe tu."

"Apa kwa huyu mtoto wako."

"Siapi kwa mtoto. Nakuambia."

Veronicah akaridhika. Nami niliridhika, na mimi si mtu wa kuridhika haraka.

Sasa nieleze habari ya kidole. Kanisani kwetu kulikuwa na ndoa zinavunjika kwa sababu ya simu. Bwana anaficha, bibi anaficha, wanapigana, wanakuja kwa pasta na macho yamefura. Pasta akachoka. Jumapili ya familia akaita wenye ndoa wote mbele, akasema hakuna kufuli kati ya mume na mke. Kila mmoja aweke kidole chake kwa simu ya mwenzake, hapo hapo, kanisa likishuhudia. Watu wakapanga foleni kama wanaenda meza ya Bwana.

Mimi nilisema kutoka kwa benchi langu, "Pasta, na cha mama pasta umeweka?"

Kanisa likacheka. Pasta akasema, "Cucu Ruguru," ndiyo nyanya kwa lugha yetu, "chake kilikuwa cha kwanza." Mama pasta akaangalia chini, kwa hivyo sijui.

Mwaniki aliweka chake kwa simu ya Kiende. Ajabu, kile cha Kiende mwenyewe simu ilikuwa inakikataa. Chai imekula alama za vidole vyake, vimekuwa laini na vyeusi mbele kama jiwe la mtoni. Yeye alikuwa anafungua kwa nambari. Lakini Mwaniki, mtu wa cherehani, akigusa tu, inafunguka. Alikuwa akimtania, "Simu inanijua mimi kuliko wewe." Tulicheka. Hakuna aliyeona ubaya.

Halafu ukaja ule mwaka vijana waliandamana. Kulikuwa na mwalimu hapa anaitwa Gitobu, kijana wa Kianjai, mtu wa kwao Kiende kabisa. Alifundisha watoto wetu hesabu na kuwachekesha. Alishuka Embu mjini na wenzake, akapewa kipaza sauti, akasema maneno. Sikuyasikia, naambiwa yalikuwa matamu. Akarudi kwetu na risasi imepita kwa paja. Alikataa hospitali kwa sababu polisi walikuwa wanangoja kwa lango. Kiende akamsafisha kidonda jikoni kwangu. Alipoweza kusimama, akampeleka Kianjai kwa mama aliyemzaa yeye Kiende, akafichwa nyuma ya ghala la mahindi. Mama ya Gitobu, anaitwa Gatakaa, anakaa huko huko Kianjai, ng'ambo ya soko. Hakuambiwa. Angeenda kumwona kila siku na watu wangefuata nyayo zake.

Kila jioni Gitobu alimtumia Kiende sauti. Kidonda kiko hivi, homa imeshuka.

Polisi walikuja tukiwa tunachuma. Mtu alikuwa amewaambia kuwa mama wa afya alinunua bendeji nyingi. Walikuwa wawili, mmoja mkubwa wa tumbo, mmoja bado kijana. Yule mkubwa akanyoosha mkono. "Mama, lete simu na uifungue."

Kiende akasema, "Karatasi ya korti iko wapi?"

"Karatasi itakuja. Fungua."

"Basi nitafungua karatasi ikija, na korti ikiniambia."

"Mtu asiye na makosa anaficha nini?"

Hapo nikashindwa kunyamaza. "Afande, kwenu choo kina mlango?"

"Shosho, hii ni kazi ya serikali."

"Nimeuliza, kina mlango?"

"Kinao."

"Na huwa unafanya makosa gani huko ndani hadi unajifungia?"

Yule kijana akacheka, halafu akakumbuka yuko kazini. Yule mkubwa hakucheka. Walimnyang'anya simu, wakampakia kwa gari na nailoni yake bado kiunoni. Kapu lilibaki kati ya mistari. Mtoto alikuwa mgongoni kwangu, bado ananyonya, hajaanza kutembea.

Kesho yake nilimpeleka mtoto kituoni anyonyeshwe. Waliniacha niingie kwa sababu nilipiga kelele. Kiende alikuwa ameketi kwa sakafu, vidole vimevimba. Akaniambia walishika mkono wake kwa nguvu, wakabonyeza kidole kimoja kimoja kwa ile simu, vyote, simu ikakataa vyote. Na nambari aliwanyima.

"Mama, chai imenisaidia," akasema, na akacheka, mimi nikalia.

Alipompa mtoto titi, akaninong'oneza, "Mwambie Mwaniki asikanyage hapa. Hata kama nitakaa mwezi. Akae kwa cherehani yake. Umenisikia, mama?"

"Nimesikia, mama."

Niliporudi nilimwambia mwanangu kila neno. Alinisikiliza akiwa amekunja kitambaa mapajani. Akasema sawa. Usiku ule mtoto alikataa maziwa ya ng'ombe, akalia hadi sauti ikaisha. Mwaniki alimbeba akizunguka naye uani. Asubuhi nilienda kukamua. Niliporudi hakukuwa na Mwaniki wala mtoto.

Mimi sikuwako, lakini ameniambia mwenyewe, na sidhani alinidanganya. Anasema yule afande mkubwa alimkaribisha, akampa kiti na chai. Walikuwa tayari wanajua habari ya kidole. Kanisa zima liliona, na kanisa lina midomo. Afande akamwambia, "Wewe ndiwe mwenye boma. Sisi shida yetu ni mtu mmoja tu, hatuna haja na mke wako. Gusa hapa, umchukue mke, umpe mtoto mama yake. Ama unataka akae ndani huyu akiwa analia?"

Mtoto alikuwa analia kweli. Mama yake alikuwa nyuma ya ukuta, anamsikia, maziwa yanamwagika kwa nguo. Mwaniki akagusa.

Kesho yake Gitobu alikamatwa Kianjai kabla jua halijatoka. Mama ya Kiende alisukumwa akaanguka, jino likatoka. Gari lililomchukua Gitobu halikuwa na nambari. Tumeenda kila kituo, Meru na Embu, tumeenda nyumba za kuhifadhia maiti. Kila mahali wanasema huyo hayumo kwa kitabu chao. Hadi leo naandika, hayuko kwa kitabu cha mtu.

Na kule kituoni hawakutafuta sauti za Gitobu peke yake. Wakishafungua, walisikiliza zote, kama watu wanasikiliza redio. Mmoja wao ameoa hapa kwetu. Siku ya soko, wanawake walikuwa wanamnyooshea Veronicah mdomo, na yule aliyekuwa akinunua maziwa kwake hakununua tena.

Kiende alipofika nyumbani hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alimnyonyesha mtoto, akaoga, akamuuliza Mwaniki, "Ulikula?" Mwaniki akasema hapana. Akampakulia. Tangu siku hiyo wanaongea ya chumvi na kuni tu.

Mwanangu aliniuliza mara moja, "Mama, wewe ungefanya nini?"

Nikamwambia, "Ningekaa nyumbani vile nilivyoambiwa."

"Mtoto alikuwa analia."

"Nilimsikia. Na mimi ni huyo mtoto. Ningelia tu, singekufa."

Akatoka nje. Ni mwanangu, nampikia, lakini jibu langu ni hilo na sibadilishi. Yeye si mtu mbaya. Alichukua kitu cha watu wengi akakifungua kama mlango wa nyumba yake, kwa sababu aliambiwa na pasta na kila mtu kwamba ni mlango wa nyumba yake.

Kiende alitembea nyumba zote. Hakumtuma mtu. Alisimama kwa kila mlango akasema, "Yale uliyoniambia yamesikika. Nilikuambia ni mimi na wewe. Nimekuja uniangalie usoni." Wengine walimkaribisha. Wengine walimtukana, akangoja wamalize. Veronicah alifungua, akamwona, akafunga. Kiende alibaki pale kwa manyunyu hadi mimi nikaenda kumvuta mkono. Kazi ya mama wa afya aliirudisha. Sasa wanawake wakiugua wananyamaza, na huku kwetu mlimani mtu akinyamaza hakuna anayejua.

Mwisho akasema lazima aende kwa Gatakaa, mama ya Gitobu. Nikasema hutaenda peke yako, nikambeba mtoto tukaenda.

Gatakaa ni mwembamba, mrefu kunishinda. Alikuwa anapepeta maharagwe. Hakusimama, hakututukana. Alitoa viti, akauliza njia ilikuwaje. Kisha akamwambia Kiende kwa Kimeru chao, nami Kimeru nasikia vizuri:

"Wameniambia alikuwa hapa ng'ambo ya soko, na mimi nanunua mboga."

"Ndiyo, mama."

"Na alikuwa anaongea nawe kwa simu. Sauti."

"Ndiyo."

"Niwekee nisikie. Sina hata moja. Mimi ananipigia tu, tukimaliza imeisha. Niwekee moja tu, hata kama ni ya kidonda."

Kiende alinigeukia. Nikajibu mimi. Nikamwambia simu iko kwa polisi. Tumeiomba, wakasema ni ushahidi. Tukauliza ushahidi wa kesi gani, na mshtakiwa yuko wapi, wakatuambia tuondoke.

Gatakaa aliuliza, "Wao wanaweza kumsikia?"

"Wanaweza."

"Wakitaka hata sasa?"

"Hata sasa."

Akaacha ungo. Nimezika mume na watoto wawili, lakini uso kama ule sikuwa nimeuona.

Ndipo Kiende akasogeza kiti hadi magoti yao yakagusana. Akasema, "Nazikumbuka. Nilizisikiliza mara nyingi nikichuma." Akaanza kumwambia. Siku ya kwanza alisema homa imepanda lakini amekunywa uji. Siku nyingine alisema mama yangu mzazi anamlisha kama dume la Krismasi, anaogopa atachinjwa. Akakohoa vile anavyokohoa. Akasema amesikia kengele ya kanisa lenu na amejua wewe uko ndani, umevaa kitambaa cha samawati.

"Alisema samawati?"

"Alisema samawati."

"Ndicho nilivaa," Gatakaa akasema. Akashika mikono ya Kiende, ile ambayo haina alama. "Sasa rudi nyuma. Ile ya uji. Alisemaje? Sema polepole."

Kiende akarudia. Alipomaliza, akaambiwa arudie tena.