Dripu ya Dada

Dada yangu ni msusi, na chumba ni chetu wawili. Kwa hiyo nilipomkuta amejifungia mchana kweupe, ametundika mrija wa dripu msumarini, unadondosha maji kwenye glasi, damu ilinichemka.

"Unapika nini humu?"

"Kemia ya kidato cha sita, nasoma kwa masafa. Mtihani wa vitendo ni Jumatatu, mdogo wangu, na shule inanitumia picha tu. Kwenye mrija ni siki. Kwenye glasi ni magadi na maji ya kabichi ya zambarau. Natafuta tone la kugeuza rangi."

"Mwalimu wa hiyo shule umewahi kumuona?"

"Kwenye simu."

"Basi umeliwa, dada."

Nikaachia mrija wote, siki ikamiminika, ajue mimi sidanganyiki. Glasi ya buluu ikageuka nyekundu pyu. Kumbe alikuwa anahesabu matone tangu asubuhi.

"Umeharibu," akasema. "Sasa kaa hapo, utahesabu wewe."

Nikakaa, nikahesabu kwa sauti, jicho moja kwenye glasi. La pili liko kwenye simu yake. Huyo mwalimu akipiga, napokea mimi.