Mpaka Andazi la Kwanza Liuzwe

Nilipokuwa mtoto, asubuhi ninayoikumbuka kuliko zote tulikuwa wanne katika nyumba ya kupanga pale Kariakoo: mama yangu, aliyeuza maandazi barazani; bibi yangu mzaa mama; Mama Eliaichi, mpangaji mwenzetu aliyetoka Moshi; na mimi, mwanafunzi wa darasa la kwanza, niliyefungiwa chumbani.

Nilikuwa na makengeza. Yalinianza baada ya surua, na mwanzoni niliona kila kitu mara mbili. Niliona mama wawili, nikamkimbilia yule asiyekuwepo. Bibi alisema huyo wa pili ni jini, akaninywesha kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa kwenye sahani. Miezi ikapita, wa pili akafifia hadi akatoweka. Jicho likabaki kutazama pembeni, na watu wa biashara waliamini kwamba mwenye makengeza akitangulia kuonekana asubuhi, siku hiyo ina mkosi. Basi sikutolewa mpaka andazi la kwanza liuzwe. Mama hakupenda, lakini unga ulipatikana kwa foleni, akaogopa kubahatisha.

Siku hiyo hakuna aliyenunua. Mwalimu alikuwa amesema nikichelewa tena nisiingie darasani. Nilisikia wenzangu wakipita na madaftari yao, nikalia taratibu. Bibi alikuwa ameweka kigoda chake mlangoni pangu. Mama Eliaichi alitaka kununua, bibi akakataa. Mpangaji wa nyumba hiyohiyo hahesabiwi mteja. Mama Eliaichi hakubishana. Alitokea mlango wa uani, akazunguka nyumba za jirani, akaja mbele ya baraza na kikapu mkononi.

"Hodi wenye biashara."

"Wewe si unakaa humu?" bibi akauliza.

"Shikamoo, mama. Mimi natokea barabarani. Nipe andazi moja, mtoto aende shule."

Mama alianza kucheka, bibi akafuata. Kisha nikasikia kigoda kikisogezwa.

Juzijuzi jicho la mwanangu lilianza kugeukia upande wa pua, nikampeleka kwa daktari. Alinipima na mimi. Aliponiziba jicho zuri, niliona ukungu mtupu. Akanieleza kwamba ubongo wa mtoto ukichoshwa na picha mbili, huizima moja; jicho ni zima, ila halisikilizwi tena. Mwanangu amewahi, mimi nimechelewa. Sikumkasirikia bibi. Yule wa pili alitoweka kweli, bibi hakujua tu ni nani aliyemfukuza.

Mama Eliaichi aliendelea kununua andazi la kwanza, akitokea barabarani, mpaka alipohamia Ilala nikiwa darasa la tatu.